Nyumba ya Waashi na Kaburi la Mgomba

Hivi wewe, ulishawahi kuzika mgomba? Usicheke. Nauliza kama ulishawahi kusimama kando ya kaburi ukiimba wimbo wa kanisani, huku wanaume wanateremsha shimoni shina la mgomba lililovishwa nguo ya mwanamke, na watu wazima wenye akili zao wanalia.

Mimi nimesimama hapo. Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, Mbeya, enzi za mkoloni, tulimzika hivyo shangazi yangu Tupokigwe. Mwili wake haukupatikana, na kwetu Wanyakyusa mtu hapotei hivihivi kama kuku. Asipoonekana, ukoo hukata mgomba, huuvika nguo ya aliyepotea, huuzika, watu hunyoa nywele, na hapo ndipo waliobaki wanapata ruhusa ya kuendelea kuishi.

Hatukuwa na haja ya kuuliza nani kamchukua. Kila mtu alijua. Ni nyumba ile.

Ilikuwa upande wa Wazungu, ng'ambo ya kijito, imezungukwa na mikaratusi. Leo ukitoka mtaa wetu wa Soweto unafika pale kwa miguu bila hata kuhema. Wakati ule ilikuwa safari ya kuaga. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na bati lake lilipakwa rangi ya damu ya mzee, kana kwamba wenyewe waliona sifa yao haijatosha. Ilikuwa ndefu, imelala mashariki kwa magharibi. Kuta za ubavuni hazikuwa na dirisha hata moja. Juu kabisa, karibu na paa, kulikuwa na vitundu vya hewa ambavyo hata popo angepita kwa kujibana. Mlangoni zilisimama nguzo mbili nene zisizobeba kitu chochote.

Nguzo hizo zilimuudhi sana baba yangu, Gwamaka, ambaye alikuwa mwashi. "Nguzo isiyobeba kitu ni ya nini?" alikuwa akisema kila tulipoiona nyumba kwa mbali. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ujanani mwake, Wazungu walipomiminika kwa ajili ya dhahabu ya Chunya na mji ukaanza kuota kama uyoga, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa nyumba hiyohiyo. Alianza kwa kukoroga udongo, akaishia kupewa timazi ya kunyooshea matofali na kujenga ukuta wa nyuma. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, mafundi wote waliambiwa ahsanteni, kwaherini, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti tena.

Juu ya mlango walichonga vifaa viwili: bikari, na kile chuma cha fundi cha kupimia kona. Vifaa vya kazi ya baba. Wenye nyumba nao walijiita waashi. Walikuwa mabwana shamba, bwana wa benki, mkaguzi wa barabara, watu ambao mwiko wa kupakia udongo wangeushika kwa upande wa makali. Walikutana Jumamosi moja ya kila mwezi, wakifika jua likizama, suti nyeusi, kila mmoja na kijibegi mkononi. Mpishi wa mmoja wao alichungulia kijibegi cha bwana wake akaona kilichomo: aproni ya ngozi, nyeupe.

Sasa niambie wewe: mwanamume anayevaa aproni ya ngozi anafanya kazi gani? Sisi tulimjua mmoja tu, yule wa buchani.

Basi nyumba ikaitwa ya Wachinjachinja, na wenyewe wakaitwa mumiani, wanyonya damu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha kanuni. Usipite pale peke yako. Ukipita, usizitazame nguzo. Ukiitwa jina, usiitike. "Msingi wa nyumba ile umekula mtu," alisema huku akimenya ndizi, bila kupandisha sauti, kama mtu anayekueleza bei ya chumvi. "Na nyumba iliyoonja mtu haishibi."

Nyumba hiyo ilikuwa na mlinzi, Mzee Kihwele, Mhehe wa Igowole, kule Mufindi. Ubaya wake wa kwanza ulikuwa huo: si wa kwetu. Ubaya wa pili ni kwamba alilala kwenye kibanda nyuma ya nyumba ile na asubuhi akaamka mzima. Alitusalimu "Kamwene" badala ya "Ugonile", nasi watoto tukamwigiza kwa puani mpaka akapita. Kila siku ya soko alinunua ndizi kwa bibi, akizichagua mojamoja kama anayechagua mchumba, na bibi akimwambia, "Chukua uende, Mhehe, unanifukuzia wateja." Ilikuwa kweli. Alipokuwa pale, wengine walisubiri mbali.

Shangazi Tupokigwe alikuwa kitinda mimba wa bibi. Aliolewa na Ambilikile, mtu wa makamo aliyekuwa na ng'ombe wengi na fimbo moja. Ng'ombe tuliwaona sisi, walipoletwa mahari. Fimbo aliiona Tupokigwe. Alikimbilia nyumbani zaidi ya mara moja, uso umevimba, na kila mara wazee wa ukoo walimrudisha. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. "Vumilia, dada yangu," nilimsikia akimwambia, "nyumba haijengwi kwa siku moja." Mwashi na mifano yake. Bibi alimfungia binti yake ndizi za njiani, akamsindikiza mpaka kijitoni.

Kisha siku moja ya soko shangazi alitoka kwa mumewe na kapu kichwani, na hakurudi. Kapu lilikutwa kando ya mikaratusi, limesimama wima, ndizi hazijaguswa.

Ambilikile alikuja kwetu na ndugu zake, fimbo ikiwa mkononi.

"Mke wangu yuko wapi?"

Bibi alitoka jikoni, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe ambalo sijapata kusikia tena. "Mwanangu kachukuliwa! Nyumba ile imemla mwanangu! Mhehe yule alikuwa akimhesabu kila siku ya soko!"

Ambilikile, ambaye hajawahi kuogopa mtu yeyote aliye dhaifu kuliko yeye, aligeuka akatazama upande wa mikaratusi. Hakwenda. Wala ndugu zake hawakwenda. Walikaa chini palepale uani, wakaanza kulia, na kesho yake mgomba ukakatwa.

Nilikuwepo bibi alipouvika. Aliufunga kwa kaniki kuukuu iliyokuwa na kiraka chekundu karibu na pindo, na kiraka hicho nilikifahamu vizuri, kwa sababu siku alipokishona mimi ndiye niliyemtungia uzi.

"Bibi," nilisema, "hiyo si ya shangazi. Hiyo ni yako."

Alinifinya paja kwa kucha. "Nyamaza, Lugano. Msibani mtoto hana macho."

Mgomba ukazikwa nyuma ya nyumba yetu, karibu na wenzake walio hai. Ambilikile alipokea rambirambi kwa unyenyekevu mkubwa, akashikwa mkono na watu ambao hapo kabla walikuwa wakivuka njia wasikutane naye. Msiba ulimkaa vizuri kuliko ndoa.

Haukupita muda, vijana wa kwetu walimkuta Mzee Kihwele mchana kweupe akitoka dukani na chumvi yake. Wakamzunguka. Tupokigwe umempeleka wapi? Damu yake mmeiuza wapi? Wanasema hakujibu. Kilichowapandisha mori ni hicho hasa: hakukana. Mtu asiyekana, walisema, ni kwamba kakubali. Walimvunja mkono wa kulia, ukaunga vibaya, umepinda kama tawi lililoegemea ukuta. Tangu hapo alifagia majani kwa mkono wa kushoto. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na benchi hilo lote likawa lake. Wenye duka walimwekea bidhaa chini, aziokote mwenyewe. Bibi naye aliacha kumuuzia ndizi.

Mimi nilikuwa mtoto mbishi. Hilo sikulisomea, nilizaliwa nalo. Kile kiraka chekundu hakikunitoka. Siku moja baada ya shule nilivuka kijito, nikapita katikati ya mikaratusi, nikazitazama nguzo zote mbili kwa makusudi, nikamkuta anafagia.

"Kamwene, binti."

"Ugonile," nilijibu. "Shangazi yangu yuko wapi?"

Aliegemeza ufagio ukutani. Akachomoa ufunguo kwenye shati. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza bila rungu," alisema. "Ingia utafute."

Niliingia. Nakiri kwamba miguu yangu ilikuwa na maoni tofauti na yangu. Ndani kulinuka nta na kinyesi cha popo. Sakafu ilikuwa ya miraba, mweusi mweupe, mweusi mweupe, mpaka mwisho. Tulikuwa tumeambiwa kwamba nyeupe ni mifupa na nyeusi ni damu iliyochomwa. Nilichuchumaa nikagusa. Ilikuwa saruji. Dari lilipakwa rangi ya samawati na nyota za dhahabu, nyingine zimebanduka, kwa hiyo hata mbingu yao ilikuwa inavuja. Kiti kikubwa kilikaa mashariki juu ya ngazi, kingine magharibi, kingine kusini. Kaskazini hapakuwa na kitu, ukuta mtupu tu. Nilimwuliza kwa nini.

"Wanasema kaskazini jua halifiki," alisema Mzee Kihwele. "Sikuuliza zaidi. Mimi nafagia pande zote."

Nyuma kulikuwa na chumba kidogo, kimepakana na ule ukuta wa baba. Ndani yake palikuwa na mkeka uliokunjwa, na pembeni ganda la ndizi, limekauka hadi kuwa jeusi. Shangazi hakuwamo. Sikuona kisu, ndoo wala tone la damu. Nilisikitika kidogo, kusema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa zaidi.

Tulipotoka, alifunga mlango. "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie kwetu Igowole mvua ni nzuri mwaka huu. Chai inachumwa. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimkuta bibi anamenya ndizi. Nilipotoa ujumbe, kisu kilisimama. Alinigeuzia mgongo.

"Ulikwenda kule?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukirudia nitakuchapa." Halafu, bado amenipa mgongo: "Hebu sema tena. Alisemaje?"

Nilirudia. Akaniambia nirudie tena. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nikadhani ni hasira.

Nimekuja kusoma sana juu ya mambo haya. Chuo kikuu nilikutana na wataalamu wenye miwani waliotueleza kwamba mumiani alikuwa mfano. Kwamba damu ile ilikuwa jasho la Mwafrika, na nyumba ile ilikuwa dola ya mkoloni. Nilinyoosha kidole nikasema sawa, lakini mkono wa Mzee Kihwele haukuwa mfano, ulikuwa mkono. Mwalimu aliniambia nimeleta mambo ya nyumbani darasani.

Nilisoma pia kuhusu jengo lenyewe, kwa sababu napenda kujua nilichoogopa kilikuwa nini. Nguzo mbili zisizobeba kitu ni za hekalu la mfalme Sulemani, au ndivyo walivyopenda kuamini wale mabwana wa benki. Sakafu ya miraba ni heri na shari. Madirisha hayakuwekwa ili wasio wao wasione. Na mle ndani, kumbe, walikuwa wakiigiza hadithi ya mjenzi mkuu wa hekalu, aliyepigwa na vibarua wake hadi kufa kwa sababu alikataa kutoa siri. Waliigiza kwa machozi na aproni zao nyeupe, kisha wakaenda kunywa wiski. Mtu aliyepigwa kweli, akanyamaza kweli, alikuwa nje anafagia majani.

Siwacheki wazee wangu kwa kuogopa. Ukijenga nyumba bila dirisha katikati ya watu, usilalamike watu wakikuchorea madirisha yao wenyewe na kuona ndani yake wanachotaka. Wala siwezi kusema hofu ile ilikuwa ujinga mtupu. Ilikuwa ukuta, na ukuta una pande mbili. Kuna anayefungiwa nje, na kuna anayejificha nyuma yake. Kilichonichukua miaka kuelewa ni kwamba katika mji mzima mtu mmoja tu hakuiogopa nyumba ile, naye ndiye aliyetufundisha kuiogopa.

Mzee Kihwele alikufa msimu wa baridi, mimi nikiwa shule ya kati, wakati ukungu unashuka kutoka mlima Loleza na kukaa mjini mpaka saa sita mchana. Alikutwa kibandani. Wenye nyumba walileta jeneza la mninga, zuri kuliko kitanda chochote alichowahi kulalia, wakalishusha kwenye mkokoteni nje ya uzio, wakavua kofia, wakaingia kwenye magari yao. Jeneza hilo ndilo lililommaliza. "Mnaona?" watu walinong'ona. "Wamemlipa."

Igowole ni mbali, na ndugu zake hawakuwa wamepata habari. Tulisimama ng'ambo ya njia, karibu mtaa mzima, tukilitazama jeneza. Hakuna aliyeshika jembe. Mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye aliogopa waumini wake kuliko Mungu, alisema makaburi ya kanisa hayawezi kumpokea, watu wamekataa. Serikali itume wafungwa wakamfukie huko wanakofukiwa wasio na kwao.

"Ni haki," alisema Ambilikile kutoka nyuma. Alikuwa amekwisha kuoa tena, na mke mpya alikuwa na kilemba kilichoshuka mpaka juu ya jicho. "Mke wangu hata mfupa sikuupata. Na yeye asipate udongo wa watu."

Baba yangu alikuwa kando yangu, anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo tulipomwona bibi akivuka kijito. Alikuwa amezeeka, anatembea upandeupande, na begani alibeba jembe. Watu walimpisha kwa heshima, kwa kuwa huyu ndiye mfiwa mkuu. Walidhani amekuja kumtemea mate maiti. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkokoteni, akaweka kiganja juu ya jeneza, mahali ambapo ndani yake ungekuwa mkono wa kulia.

"Mama Gwamaka," mzee wa kanisa alimwita kwa upole, "rudi nyumbani, mama. Baridi hii. Huyu ndiye aliyemla mwanao."

"Hajamla mtu," bibi alisema.

"Mama!" Baba alipiga hatua.

"Gwamaka, simama hapo hapo. Wewe ulimrudisha dada yako kwenye fimbo mara ngapi? Basi leo utanisikiliza mpaka mwisho." Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile ya bei ya chumvi. "Tupokigwe yuko hai. Yuko Igowole kwa dada yake huyu mzee, anachuma chai, ana watoto. Nilimleta mimi hapa kwa mkono wangu, mchana, nikaweka kapu pale kwenye miti. Huyu akamfungia chumba cha nyuma, kwa sababu nilijua hakuna mwanamume kati yenu atakayethubutu kugonga mlango huu. Mlipokuwa mnakata mgomba, alikuwa humo ndani anakula ndizi zangu. Kisha akampeleka kwao."

"Mama mkwe, unasema nini?" Ambilikile alikuwa amekuja mbele. "Basi mimi namtaka mke wangu!"

"Nenda kamfuate. Ana kaka wawili wapya kule, Wahehe, nao wana fimbo." Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Bibi akawageukia wengine. "Kama mnadhani uzee umenichanganya, nendeni nyuma ya nyumba yangu mkafukue. Mtakuta kaniki ina kiraka chekundu. Ni yangu. Nguo ya mwanangu aliye hai ningeifukiaje? Nilizika yangu, ili udongo ukimwita mwenye nguo, uniite mimi. Kaburi hilo lina mgomba uliooza tu. Mzikeni huyu humo. Ni langu, nampa."

Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye majani ya mikaratusi, tone, tone. Baba alikuwa amefumba macho.

"Alinyamaza ili yule mwenye fimbo asimfuate mwanangu," bibi alisema. Sasa alikuwa anaongea na mbao za jeneza. "Na mimi nilikuwa nimekwisha kulia mbele za watu kwamba ni yeye aliyemla. Siku mliyomvunja mkono nilikuwa shambani, ng'ambo ya kijito. Nilimsikia. Nilijua ni yeye, na nilijua ni kwa ajili ya nini. Na niliendelea kupalilia."